Acheni Ukoka Ulale

Wapenzi wa gofu wamezoea kuuona uwanja wa Augusta National, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, wiki moja tu kwa mwaka. Ni mwanzoni mwa Aprili, mashindano ya Masters yanapochezwa. Maua yamechanua, nyasi ni kijani kisicho na doa, na mtu anayetazama akiwa Dodoma au Kisumu hudhani kwamba ardhi ile iliumbwa hivyo. Kisha ukaja mwaka 2020. Korona ikavuruga ratiba za dunia nzima, Masters ikaahirishwa, na hatimaye ikachezwa tarehe 12 hadi 15 Novemba bila watazamaji uwanjani. Dustin Johnson alishinda kwa mapigo 268, yaani 20 chini ya kiwango, na hakuna aliyewahi kufikisha hesabu hiyo pale. Cameron Smith, aliyefungana na mwenzake nafasi ya pili, akawa wa kwanza katika historia ya Masters kupiga chini ya 70 siku zote nne.

Ardhi ilikuwa laini. Mpira ulipoanguka karibu na bendera ulikaa pale pale, haukukimbia kama unavyokimbia Aprili. Mvua ya siku ya kwanza ilichangia sana, hilo halina ubishi. Lakini wajuzi wa nyasi walikuwa wanaangalia jambo jingine. Yale majani ya kijani waliyokuwa wakiyakanyaga kina Johnson yalikuwa machanga mno. Mbegu zake zilikuwa zimemwagwa majira yale yale ya mapukutiko, na mabingwa wa dunia walikuwa wanacheza juu ya miche.

Leo nataka tuzungumze habari ya kazi hizo za Septemba, Oktoba na Novemba kwenye viwanja vya gofu. Mchezaji huziona ni usumbufu, na mtazamaji wa televisheni hazioni kabisa. Niseme mapema kwamba mimi gofu siichezi. Fimbo yake nimewahi kuishika, na mpira ukabaki ulipokuwa. Kinachonivutia ni nyasi. Na katika habari hii ya nyasi nina upande wangu, sitauficha: kati ya kazi kubwa mbili za majira hayo, ile inayopendwa na wanachama wa klabu ndiyo inayoudhuru uwanja, na ile wanayoilalamikia ndiyo inayouponya.

Tuanze na nyasi yenyewe. Kusini mwa Marekani, kuanzia majimbo ya Carolina hadi Texas, na kuendelea hadi majangwa ya Arizona na California, nyasi kuu ya viwanja vya gofu ni ile wanayoiita Bermuda. Wewe unaijua. Ni ukoka. Ndiyo ile inayotambaa kando ya njia, anapofungwa mbuzi ajilie mwenyewe. Ndiyo ile ambayo mkulima wa Morogoro akiing'oa shambani akaacha kipande cha mzizi kama kidole, mvua ikinyesha mara mbili anaikuta imerudi na ukoo wake wote. Wataalamu wengi huiweka asili yake Afrika, na ilivuka bahari zamani sana, kabla gofu haijafikiriwa katika Amerika.

Ukoka wa gofu lakini si ule wa shambani moja kwa moja. Ulipitia mikononi mwa mtu aliyeitwa Glenn Burton, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha mji wa Tifton, Georgia, tangu miaka ya 1930. Aliletwa pale kwa ajili ya malisho ya ng'ombe, wala si michezo. Baadaye akauchanganya ukoka wa kawaida na ndugu yake mwembamba wa Afrika Kusini, na chotara mashuhuri kuliko wote, Tifway, akatoka mwaka 1960. Chotara huyo ni tasa. Hatoi mbegu ya kuota, kwa hiyo hupandwa kwa vipande vya shina, kama mtu anavyopanda viazi vitamu. Majani yake ni membamba, yanasongamana, na yanavumilia kukatwa hadi yabaki urefu wa sentimita moja hivi. Burton huyo huyo alifanya kazi kubwa juu ya uwele, na mbegu wazazi alizozalisha Tifton zilitumika India kupata uwele chotara uliopandisha mavuno miaka ya 1960. Wachache kati ya wanaoikanyaga Tifway wikendi wanajua kwamba inatoka mkono mmoja na uji wa mtu wa Rajasthan.

Sasa, ukoka una tabia moja ambayo sisi wa ukanda huu hatuijui, kwa sababu huku haijawahi kuhitajika. Baridi ikiingia, unalala. Udongo ukishuka hadi karibu nyuzi 10 za Selsiasi unaacha kukua, na umande ukiganda usiku mmoja juu ya majani, kijani kinatoweka na rangi inakuwa ya majani makavu ya paa. Haujafa. Chini ya udongo na juu ya udongo una mashina yanayotambaa, na ndani ya mashina hayo umeweka akiba ya wanga. Siku zinapofupika mwezi wa Septemba na Oktoba, kazi yake kubwa ni hiyo ya kujaza ghala. Ghala likijaa, utavuka Desemba na Januari ukiwa hai, na Aprili joto likirudi utachipua kwa kutumia kile ulichokiweka. Shikilia hapo, msikilizaji, maana ugomvi wangu wote umejengwa juu ya hizo wiki chache za kujaza ghala.

Hapo ndipo mwenye klabu anapoingia na hesabu zake. Kusini mwa Marekani, na hasa huko jangwani, wageni wenye fedha huja majira ya baridi wakikimbia theluji ya kaskazini. Wanalipia chumba, wanalipia gofu, na hawakusafiri kutoka Chicago au Toronto kuja kuangalia nyasi za kahawia. Basi ikabuniwa njia. Juu ya ukoka unaokaribia kulala humwagwa mbegu ya nyasi nyingine, nyasi ya nchi za baridi iitwayo raigrasi, inayoota upesi na kubaki kijani Januari nzima. Mbegu hiyo kwa sehemu kubwa hulimwa katika bonde la Willamette, jimbo la Oregon, ambako wakulima wanavuna mbegu za nyasi kama wengine wanavyovuna ngano.

Kuieleza kazi hiyo kwa sentensi moja ni rahisi. Kuifanya ni jambo la kuvunja mgongo. Kwanza huchaguliwa wiki. Ukimwaga mapema, joto bado lipo na ukoka una nguvu, utaizonga miche. Ukichelewa, baridi inaiwahi mbegu ardhini. Msimamizi wa uwanja hatazami kalenda. Anachoma kipimajoto udongoni kila asubuhi, anasubiri kishuke hadi nyuzi ishirini na kitu. Kisha uwanja unafungwa. Jangwani hufungwa kati ya wiki mbili na nne, kwa kawaida Oktoba, na ukipita kando yake siku hizo utadhani wenyewe wamefilisika.

Maana kinachofuata kinaonekana kama uharibifu. Maji yanakatwa, ukoka unaachwa usinyae kwa kiu. Mashine zinashushwa visu na kupita mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka nyasi iliyokuwa imependeza wiki iliyopita inabaki mashina matupu na vumbi. Vumbi hilo si la mchezo. Watu wanafanya kazi wamefunika pua na vitambaa, na malori yanabeba taka za nyasi siku nzima. Kwenye viwanja vingi vya huko wafanyakazi hao ni watu wa asili ya Mexico na nchi za Amerika ya Kati, na wanaanza kabla jua halijachomoza.

Ndipo mbegu inamwagwa, kati ya kilo mia mbili na mia nne kwa hekta moja kwenye fewei, yaani zile njia ndefu za nyasi kati ya anapoanzia mchezaji na ilipo bendera, na wengine wanazidisha hapo. Fewei za uwanja wa mashimo 18 ni kama hekta 12. Piga hesabu mwenyewe: ni tani kadhaa za mbegu, zinazomwagwa juu ya nyasi ambayo tayari ipo. Pembezoni hutumika kimashine kinachodondosha mbegu kwa mstari ulionyooka, kwa sababu mbegu ikirukia nje, Desemba itaonekana kama wino uliomwagika nje ya mstari. Wafanyakazi hupiga viatu vyao kwa brashi kabla ya kukaribia grini, pale penye shimo na bendera, wasije wakabeba mbegu kwenye nyayo. Mbegu yenyewe mara nyingi imepakwa dawa ya kuvu, maana miche iliyosongamana, maji mengi na joto la mchana ni karamu ya ugonjwa uitwao Pythium, ambao unaweza kulaza eneo kubwa kwa usiku mmoja.

Na maji. Hapa ndipo roho yangu inapogoma. Mbegu iliyokaa juu juu haina pa kujificha na jua, kwa hiyo lazima ibaki na unyevu mchana kutwa. Vinyunyizio vinafunguliwa dakika chache, vinafungwa, vinafunguliwa tena, mara nyingi kwa siku, mpaka miche ichomoze baada ya wiki moja hivi. Katika bonde la Coachella, California, kuna viwanja vya gofu zaidi ya 100 mahali ambapo mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 200. Maji yanatoka chini ya ardhi na kwenye mfereji unaoletwa kutoka mto Colorado. Mto huo ndio ambao Agosti 2021 serikali ya Marekani ilitangaza, kwa mara ya kwanza katika historia yake, kwamba una upungufu rasmi na mgao lazima upunguzwe. Na huko jangwani joto la mwanzoni mwa Oktoba bado linaweza kukaribia nyuzi 40. Ukoka wakati huo haujachoka hata kidogo. Uko katika siku zake nzuri. Unanyimwa maji, unakwanguliwa, halafu maji yale yale uliyonyimwa anapewa mwingine aliyekaa juu yake.

Msimamizi hana budi kuyafanya hayo, wala simlaumu. Nimesoma na kusikia wengi wao wakizungumza, na ni nadra kumkuta anayeipenda kazi hiyo. Anajua anachokifanya. Zile wiki za kujaza ghala, ukoka unazimaliza ukiwa umenyolewa, umekosa majani ya kutengenezea wanga, kisha unafunikwa na kivuli. Nao ni mmea wa jua. Kivuli ni adui yake wa kwanza.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Raigrasi hapewi jembe. Kuanzia Novemba hadi Machi analishwa mbolea, ananyweshwa, ananyolewa vizuri, anasifiwa na kupigwa picha, na mwenye nyumba yuko chini ya kitanda. Aprili mwenye nyumba anaamka, njaa inamuuma, ghala nusu tupu, na anakuta mgeni ndiye kwanza amenawiri na hana habari ya kuondoka. Wataalamu wa nyasi wa jangwani wana kanuni yao: ukoka unahitaji kama siku 100 za kukua bila mshindani ili urudi katika hali yake. Ukihesabu kuanzia pale joto linapomuua raigrasi, mwishoni mwa Mei au ndani ya Juni, hadi pale visu vinaposhushwa tena Septemba, siku hizo 100 zinapatikana kwa shida, na mwaka mwingine hazipatikani. Zipo dawa zinazomwondoa raigrasi bila kumgusa ukoka. Zikitumika, kwa wiki kadhaa uwanja unakuwa na mabaka yanayoonyesha ukweli wote, na wanachama wanapiga simu kuuliza kama msimamizi bado ana kazi.

Kuna ugonjwa ambao wasimamizi wa Marekani wameupa jina la Augusta, na si wa nyasi, ni wa macho ya watu. Mwanachama anakaa mbele ya televisheni Jumapili ya Masters, kesho yake anakwenda klabuni kwake na kuuliza kwa nini kwao hakufanani. Hakumbuki kwamba uwanja ule unafungwa karibu majira yote ya joto na kufunguliwa tena Oktoba, ili ukoka uliosongwa upate nafasi ya kupumua na mbegu mpya ipate nafasi ya kuota. Klabu yake yeye inataka watu wacheze mwezi wa Julai, wa Agosti, na harusi Jumamosi.

Tuiache mbegu kidogo. Nilisema kuna kazi mbili, na ile ya pili ndiyo ninayoitetea.

Nyasi ya grini hukatwa hadi urefu wa milimita tatu hivi. Pana mimea hai pale, yenye mizizi, inayokanyagwa na mamia ya watu kwa wiki katika eneo dogo, na wote wanakwenda mahali pamoja: shimoni. Udongo unashindiliwa. Mabaki ya mashina yaliyokufa yanajikusanya chini ya majani na kufanya tabaka linaloshika maji juu na kuyazuia yasishuke. Mizizi inakosa hewa, inafupika, na grini ambayo juu inapendeza inakuwa mgonjwa aliyevalishwa vizuri. Dawa yake ni kuitoboa. Inaletwa mashine yenye misumari mitupu kama bomba, unene wa kidole, nayo inazamisha na kuchomoa, inazamisha na kuchomoa, ikiacha maelfu ya matundu na kutapika vipande vya udongo juu. Vipande vinakwanguliwa, mchanga mkavu unamwagwa, unaburutwa kwa brashi mpaka uzibe matundu. Kuanzia hapo maji yana njia, hewa ina njia, na mzizi unafuata mchanga kwenda chini.

Wakati wa kutoboa unafuata nyasi. Bentigrasi, nyasi ya nchi za baridi iliyopo kwenye grini za Augusta na za viwanja vingi vya kaskazini, joto kali linaiumiza, kwa hiyo hutobolewa joto likishapungua, mwishoni mwa Agosti, Septemba, ikiwa bado na wiki za kutosha za kupona. Grini za ukoka hutobolewa katikati ya kiangazi, wakati una nguvu zote. Anayetoboa ukoka Oktoba anaupeleka kwenye baridi na vidonda wazi.

Ulaya wanaijua kazi ya mchanga tangu zamani. Mskoti Tom Morris, aliyezaliwa St Andrews mwaka 1821 na kushinda mashindano ya The Open mara nne, alikuwa pia mtunza nyasi, kwanza Prestwick kuanzia 1851, kisha miaka ya 1860 akarudi kwao St Andrews akautunza uwanja ule mpaka uzeeni. Husimuliwa kwamba huko Prestwick toroli la mchanga lilimwagika juu ya grini kwa bahati mbaya, na alipoona nyasi za pale zimenawiri kuliko za pengine, akaamua kumwaga kwa makusudi. Kisa hicho kina harufu ya kupambwa. Lakini mchanga aliuamini kweli kweli, na hata leo hakuna mtunza grini anayeishi bila mchanga.

St Andrews kuna desturi nyingine inayonipendeza zaidi. Kuanzia Novemba hadi mwisho wa Machi, mchezaji kwenye Old Course, uwanja mashuhuri kuliko vyote duniani, anapewa kipande kidogo cha mkeka. Mpira wake ukiwa kwenye fewei, anauweka juu ya mkeka ndipo aupige, ili fimbo isichimbue nyasi ambayo kwa baridi ile haitajaza kidonda mpaka Aprili. Mkeka ni lazima, uwe bingwa au uwe mgeni uliyelipa nauli kutoka Tokyo. Na Jumapili kwa kawaida hakuna gofu kabisa. Watu wa mji wanatembeza mbwa. Wakati huo huo mafundi wanavunja na kujenga upya kuta za mashimo ya mchanga, wakipanga vipande vya nyasi na udongo kimoja juu ya kingine kama fundi anavyopanga matofali ya tope. Mashimo hayo ni 112 kwenye uwanja ule mmoja, kwa hiyo baridi moja haitoshi, wanakwenda kwa zamu.

Sasa angalia mchezaji anavyoyapokea haya. Akikuta grini imetobolewa, mpira wake unadundadunda kwenye mchanga ukielekea shimoni, na anaapa kwamba ameibiwa pesa yake. Kuna klabu zinazoteremsha bei wiki hiyo, na nyingine zinaficha tarehe ya kutoboa ili watu wasihame. Lakini akija Desemba akakuta kijani cha raigrasi, anampa mkono msimamizi na kumpongeza. Pongezi ile anaipokea kwa adabu, moyoni anawaza Juni.

Je, kuna waliothubutu kuacha? Wapo. Pinehurst, North Carolina, kuna uwanja unaoitwa Namba 2, kazi ya Mskoti Donald Ross, uliofunguliwa 1907. Kwa miaka mingi nao ulikuwa umefukuzana na kijani. Mwaka 2010 na 2011 wakaitwa wasanifu wa viwanja Bill Coore na Ben Crenshaw kuurudisha ulivyokuwa. Waliondoa hekta kama 14 za nyasi iliyokuwa inanyweshwa, wakarudisha mchanga na majani ya porini, na vichwa vya kunyunyizia maji vikapunguzwa kutoka kama 1,150 hadi kama 450. Ukoka ukaachwa uwe na rangi yake: kijani katikati ya fewei penye maji, kahawia kuelekea pembeni. Mwaka 2014 US Open ya wanaume na ya wanawake zikachezwa pale wiki mbili mfululizo, jambo lisilowahi kufanyika. Martin Kaymer akashinda kwa tofauti ya mapigo 8, Michelle Wie akashinda kwa wanawake. Watazamaji wengine walilalamika kwamba uwanja unaonekana umekauka. Chama cha gofu cha Marekani hakikujali. Mwaka 2020 kiliutangaza Pinehurst kuwa kituo cha kwanza cha kudumu cha US Open, na mwaka 2024 mashindano yakarudi pale.

Wengine wamechukua njia ya katikati, ambayo kwanza niliicheka. Wanapaka rangi. Ukoka ukishalala, mashine inapita ikinyunyiza rangi ya kijani juu ya majani makavu, na uwanja unaonekana hai kwa wiki kadhaa. Ni udanganyifu wa wazi, kama mzee anayepaka hina ndevu zake, lakini hauibi wanga wa mtu. Haunywi maji, haung'ang'anii mwezi wa Mei, na kwa kawaida gharama yake ni ndogo kuliko ya mbegu pamoja na mbolea, maji na mafuta ya kuikata mbegu hiyo baridi nzima. Mpira unakaa vizuri juu ya ukoka uliolala, na huku kuwa mkavu kunaufanya ukimbie zaidi. Wachezaji wanaojua wanapenda hivyo.

Nisiwapambie lakini. Kuuacha ukoka ulale hakumaanishi kwenda likizo. Kwenye grini zenye aina zile fupi kabisa za ukoka, utabiri ukisema usiku utashuka chini ya nyuzi 4 chini ya sifuri, lazima grini zote zifunikwe kwa maturubai mepesi, na kazi hiyo inachukua kikosi kizima saa kadhaa. Asubuhi watu wakitaka kucheza, yanaondolewa. Jioni yanarudishwa. Mahali palipo na kivuli cha miti upande wa kusini ndipo nyasi hufa kwanza, kwa hiyo Oktoba hiyo hiyo ndiyo ya kukata matawi, na hapo wanachama wanaoupenda mti wao wanakuja juu tena. Klabu ikiacha mbegu ili iokoe fedha, halafu fedha hiyo isitumike kwenye maturubai na misumeno, itakuwa na uwanja wa kahawia Januari na uwanja wa kahawia Juni.

Huku kwetu hatuna hayo. Miezi hiyo hiyo wao wanaposhusha visu, sisi tunapata mvua za vuli na nyasi zinatushinda kukata. Viwanja vya nyanda za juu za Kenya, kama Muthaiga jijini Nairobi, vina nyasi ya kikuyu, ambayo asili yake ni milima hii hii ya Afrika Mashariki. Huko Marekani nyasi hiyo imo katika orodha ya serikali ya magugu hatari, na wakati huo huo ndiyo iliyotanda kwenye fewei za Riviera, moja ya klabu mashuhuri za Los Angeles, ambako iliachiwa ikae kwa sababu hakuna aliyeweza kuitoa. Lakini ugonjwa wa macho hauhitaji baridi ili usambae. Televisheni ya Aprili inafika Nairobi, inafika Dar es Salaam, inafika Dubai, na kamati ya klabu inakaa na kuuliza kwa nini kwetu hakufanani na kule.

Msikilizaji wangu uliyeko Georgia au Texas, najua mko wengi siku hizi, ukipita kando ya uwanja wa gofu Januari hii ukaukuta wa kahawia, shuka uuguse. Vuta shina moja taratibu. Likigoma kutoka, na ndani likiwa bado jeupe lenye unyevu, ujue ukoka umelala na ghala lake limejaa. Likikatika kama njiti, basi niandikie, maana huyo msimamizi wake nitataka kumsikia hewani. Wiki ijayo, saa hii hii, tutazungumza habari ya mchanga wa mtoni na wanaouchimba usiku.